Mrija Usiofunguliwa: Historia ya Mashine ya Kurudufisha DNA na Kuisoma kwa Mwanga

Mashine ambayo wataalamu wa maabara huiita kwa kifupi mashine ya PCR hufanya kazi mbili ambazo, kwa takriban miaka kumi ya mwanzo, zilikuwa za vyombo viwili tofauti na mara nyingi za vyumba viwili tofauti. Kwanza hupasha na kupoza sampuli kwa mpangilio unaorudiwa, hadi kipande kidogo cha DNA, ile dutu iliyo ndani ya seli na inayobeba maelekezo ya urithi, kirudufike mara mamilioni. Pili huimulika sampuli hiyohiyo kwa mwanga wa rangi maalumu na kupima mwanga unaotoka humo, ili ijulikane kama kipande kilichotafutwa kimo au hakimo, na kama kimo, kilikuwa kiasi gani kabla ya kurudufishwa. Masimulizi yaliyozoeleka huitazama mashine hii kama ushindi wa kasi, kwa kuwa jibu lililohitaji siku nzima sasa hupatikana kwa saa moja au mbili. Jambo hilo ni kweli, lakini halitoshi kueleza kwa nini mashine ilipata umbo lililo nalo. Kilichowasumbua wabunifu wake, kizazi baada ya kizazi, kilikuwa kifuniko cha mrija, yaani namna ya kupata jibu bila kukifungua.

Kanuni ya urudufishaji wenyewe ni nyepesi kuieleza. Molekuli ya DNA ni kamba mbili zilizosokotana, kila moja ikibeba mfuatano wa herufi za kikemia unaokamilishana na wa mwenzake. Zikipashwa hadi kiasi cha nyuzijoto 95 za Selsiasi, kamba hizo huachana. Zikipozwa hadi nyuzijoto 50 au 60, praima, ambazo ni vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa maabara ili vilingane na miisho ya sehemu inayotafutwa, hujishikiza mahali pake. Na hapo polimerasi, kimeng'enya kinachounga herufi za DNA moja baada ya nyingine, huanzia kwenye praima na kujenga kamba mpya. Mzunguko mmoja wa kupasha na kupoza huifanya nakala moja kuwa mbili, mzunguko wa pili huzifanya mbili kuwa nne, na baada ya mizunguko 30, kama hakuna upotevu wowote njiani, nakala moja huwa imezaa zaidi ya bilioni moja. Mwitikio huu mfululizo wa polimerasi ndio uitwao PCR.

Wazo la kutumia praima mbili na polimerasi kunakili DNA lilikwisha kuandikwa mwaka 1971 na Kjell Kleppe akiwa katika kundi la Har Gobind Khorana, lakini halikuendelezwa. Lilizuka upya mwaka 1983 katika kampuni ya Cetus, mjini Emeryville, jimbo la California, kwa jitihada za mkemia Kary Mullis, ambaye mwaka 1993 alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Habari za Mullis na safari yake ya usiku barabarani, alipodai wazo lilimjia akiwa kwenye usukani, zimesimuliwa mno kiasi cha kuwafunika watu waliolifanya wazo hilo liwe kitu cha kutumika mezani, miongoni mwao Randall Saiki, Henry Erlich, Fred Faloona na Norman Arnheim, ambao pamoja na Mullis walichapisha matokeo ya kwanza katika jarida la Science mwezi Desemba 1985. Inafaa msomaji wa Afrika Mashariki akumbuke kwamba ugonjwa uliotumiwa kuonyesha uwezo wa njia hiyo mpya ulikuwa selimundu, maradhi ya damu ya kurithi yanayowaandama watoto wengi wa ukanda huu, na kwamba kipande cha kwanza cha jeni kurudufishwa na kuandikwa hadharani kilikuwa cha betaglobini, sehemu ya himoglobini ambamo kosa la herufi moja husababisha ugonjwa huo. Baada ya mizunguko 20 watafiti hao waliongeza nakala mara 220,000, ilhali hesabu kamili ingefika zaidi ya milioni moja. Pengo hilo lilionyesha kwamba kila mzunguko ulikuwa ukipoteza sehemu ya kazi yake.

Namna kazi hiyo ilivyofanywa yaeleza mengi. Polimerasi iliyotumika ilitokana na bakteria wa kawaida aitwaye E. coli, anayeishi katika joto la mwili, na kwa hiyo kila mirija ilipopashwa hadi nyuzijoto 95 kimeng'enya chote kilikufa. Mtaalamu alilazimika kukaa mezani na saa mkononi, akiihamisha mirija kutoka beseni la maji ya moto hadi beseni la maji ya vuguvugu, na katika kila mzunguko kuifungua mirija yote na kudondoshea humo kimeng'enya kipya. Mizunguko 20 ilimaanisha kila mrija kufunguliwa mara 20, na kila ufunguaji ulikuwa nafasi ya kukosea kipimo, kumwaga, au kuhamisha tone kutoka mrija mmoja hadi mwingine.

Mashine ya kwanza iliyojengwa na mafundi wa Cetus, iliyobatizwa jina Mr. Cycle, ilikuwa jibu kwa adha hiyo, na ndiyo maana haikufanana na mashine za leo. Ilitokana na roboti ya kunyonya na kudondosha vimiminika, na shughuli yake kubwa ilikuwa ileile iliyomchosha binadamu, yaani kuongeza kimeng'enya kipya baada ya kila upashaji. Kwa maneno mengine, wahandisi walikuwa wametengeneza mkono wa chuma wa kufungulia mirija. Ilikuwa kazi ya werevu mkubwa iliyopitwa na wakati karibu mara tu ilipokamilika, kwa kuwa tatizo lilitatuliwa na biolojia kabla uhandisi haujapata nafasi ya kulikamilisha.

Utatuzi huo ulitoka kwenye chemchemi za maji moto za hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, ambako katika miaka ya 1960 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walikuta bakteria wakistawi katika joto ambalo wengi waliamini haliwezi kuhimili uhai. Bakteria hao walipewa jina Thermus aquaticus, na mwaka 1976 Alice Chien, David Edgar na John Trela wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walieleza polimerasi yao, ambayo haikuharibiwa na joto kali. Huko Cetus, David Gelfand na Susanne Stoffel waliisafisha polimerasi hiyo, iliyofupishwa jina kuwa Taq, na ilipotiwa kwenye mrija mara moja mwanzoni ilidumu hadi mzunguko wa mwisho. Roboti ya kudondosha haikuhitajika tena. Mashine iliyofuata, iliyoitwa Baby Blue kwa rangi ya sanduku lake, ilihitaji tu bamba la chuma lenye vishimo vya kushikilia mirija, kipasha joto, kipozeo, na kompyuta ya kuamua lini bamba lipande joto na lini lishuke. Mr. Cycle imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Mwaka 1987 ubia wa Cetus na kampuni ya Perkin-Elmer ulitoa sokoni mashine ya kwanza ya aina hiyo, yenye nafasi za mirija 48, na kabla ya muongo kuisha ilikuwa imeingia katika maabara za biolojia kila pembe ya nchi tajiri.

Mirija sasa ilibaki imefungwa wakati wote wa urudufishaji, lakini ilifunguliwa mwishoni, na hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Mashine ya mwaka 1987 ilikuwa kipofu: ilipasha na kupoza bila kujua kama kuna chochote kilichotokea ndani ya mirija iliyobeba. Ili kupata jibu, mtaalamu alifungua kila mrija, akachukua sehemu ya kimiminika na kuitia kwenye jeli ya agarosi, dutu itokanayo na mwani, kisha akapitisha umeme ili vipande vya DNA vitambae kulingana na urefu wake, akatia rangi inayong'aa na kuitazama jeli juu ya taa ya urujuanimno. Kazi hiyo ilichukua saa kadhaa, na ilihitaji jicho lililozoea, lakini ubaya wake mkubwa haukuwa muda wala uchovu.

Mrija uliomaliza mizunguko 30 au 40 unaweza kuwa na nakala trilioni moja za kipande kimoja. Kifuniko kikifunguliwa kwa haraka, matone madogo yasiyoonekana kwa macho huruka hewani, na tone lenye ujazo wa sehemu moja tu ya milioni ya kimiminika kilichomo hubeba nakala milioni moja, ambazo hutua mezani, kwenye glavu, kwenye mpini wa pipeti, au ndani ya chupa ya vitendanishi vitakavyotumika kesho. Kwa kuwa PCR imeundwa ili itambue hata nakala chache mno, mrija wa mgonjwa asiye na ugonjwa ukiangukiwa na chembe moja ya vumbi hilo utatoa jibu chanya, na jibu hilo halitakuwa na alama yoyote ya kulitofautisha na la kweli. Sifa iliyoifanya njia hii itamaniwe, yaani wepesi wake wa kuona kidogo sana, ndiyo iliyoigeuka. Mwaka 1989 Shirley Kwok na Russell Higuchi, wote wa Cetus, walichapisha katika jarida la Nature mwongozo mfupi wa kuepuka majibu chanya ya uongo, na masharti waliyoyaweka ndiyo yaliyokuja kutawala ramani za maabara za PCR hadi leo: chumba cha kuandalia vitendanishi kitengwe na chumba cha kuchambulia matokeo, vifaa vya upande mmoja visivuke upande wa pili, pipeti ziwe na vizuizi vya mvuke, na kila kundi la sampuli liambatane na mirija isiyo na DNA ili kuonyesha kama uchafuzi umeingia.

Masharti hayo yaliwezekana katika taasisi yenye vyumba vinne na watumishi wa kutosha, na yalikuwa karibu na ndoto katika maabara ya hospitali ya wilaya, iwe California au Kagera. Mbinu za kikemia zilijaribiwa pia, kama ile ya mwaka 1990 ya kuzijenga nakala kwa herufi isiyo ya kawaida ili kimeng'enya maalumu kiziharibu zikiingia katika kipimo kingine, na mbinu hiyo hutumika bado. Hata hivyo yote haya yalikuwa ulinzi dhidi ya mrija uliokwisha kufunguliwa. Aliyeuliza kama kuna sababu yoyote ya kuufungua alikuwa Higuchi yuleyule.

Russell Higuchi alikuwa amejulikana tayari kwa jambo lenye uhusiano na bara la Afrika. Mwaka 1984, akiwa katika maabara ya Allan Wilson huko Berkeley, alikuwa mstari wa mbele wa kundi lililosoma DNA kutoka kwenye nyama iliyokauka juu ya ngozi ya kwaga, aina ya punda milia wa Afrika Kusini aliyetoweka duniani baada ya wa mwisho wao kufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam mwaka 1883. Mtu aliyezoea kutafuta mabaki machache ya DNA katika ngozi ya makumbusho alijua vizuri kuliko wengi namna uchafu wa leo unavyoweza kuzima ushahidi wa jana, na si ajabu kwamba tatizo la kifuniko lilimkaa moyoni.

Ufumbuzi wake ulitumia floresensi, hali ya baadhi ya dutu kupokea mwanga wa rangi moja na papo hapo kutoa mwanga wa rangi nyingine. Ethidiamu bromaidi, rangi ileile iliyotumika kuzitia jeli, hung'aa kidogo ikiwa peke yake majini na hung'aa zaidi sana ikijipenyeza kati ya kamba mbili za DNA. Higuchi na wenzake waliitia rangi hiyo ndani ya mrija kabla ya urudufishaji kuanza, badala ya kuingoja jeli mwishoni, na katika makala yao ya mwaka 1992 walionyesha kwamba mng'ao uliongezeka kadiri nakala zilivyoongezeka, na kwamba ongezeko hilo liliweza kupimwa kutoka nje ya mrija ambao kifuniko chake hakikuguswa. Katika jaribio mojawapo walipitisha mwanga kwa nyuzi za kioo hadi kwenye mrija uliokuwa ndani ya mashine na kufuatilia mng'ao wake ukipanda mzunguko kwa mzunguko.

Mwaka uliofuata walikwenda mbali zaidi. Walitwaa mashine ya kawaida ya mizunguko ya joto, wakaimulika kutoka juu kwa taa za urujuanimno na kuielekezea kamera ya video yenye kihisi cha kielektroniki, ili mirija mingi ipigwe picha kwa pamoja katika kila mzunguko. Picha hizo zilipogeuzwa kuwa mchoro zilifichua jambo ambalo jeli isingeweza kulifichua kamwe. Mirija yote yenye DNA iliyotafutwa, iwe ilianza na nakala kumi au milioni, mwishowe hufikia kiwango kinachokaribiana, kwa sababu vitendanishi huisha. Mtu anayetazama mwisho tu huona kila kitu ni sawa. Lakini mrija ulioanza na nakala nyingi huanza kung'aa mapema, na ule ulioanza na chache hukawia, na kila upungufu wa mara kumi huchelewesha mng'ao kwa mizunguko mitatu na kitu. Kwa hiyo namba ya mzunguko ambao mng'ao huvuka kizingiti kilichowekwa ikawa kipimo cha kiasi cha DNA kilichokuwemo mwanzoni. Kamera iliwekwa ili kuepuka kifuniko, nayo ikaleta uwezo wa kuhesabu. Na uwezo huo ndio uliowawezesha madaktari baadaye kufuatilia wingi wa virusi vya UKIMWI katika damu ya mgonjwa anayetumia dawa. Wakati huo haki za PCR zilikuwa zimekwisha kuuzwa, mwaka 1991, kwa kampuni ya Uswisi ya Hoffmann-La Roche kwa dola milioni 300, na kazi ya Higuchi ilikuwa sasa mali yake.

Rangi ya ethidiamu ilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kutobagua. Hung'aa pamoja na DNA yoyote yenye kamba mbili, hata ile iliyorudufika kwa bahati mbaya. Tiba ya kasoro hiyo ilitoka katika ugunduzi wa mwaka 1991 wa Pamela Holland, David Gelfand na wenzao, walioonyesha kwamba polimerasi ya Taq, inaposonga mbele kwenye kamba, hukikatakata kipande chochote cha DNA kilichoizibia njia. Walitumia kipande kifupi kinacholingana na katikati ya sehemu inayotafutwa, kiitwacho probu, ambacho hukatwa ikiwa tu sehemu yenyewe ipo na inanakiliwa. Wao walikitambua kwa mionzi, lakini muda si mrefu wenzao waliunganisha ukataji huo na jambo ambalo mwanafizikia wa Ujerumani Theodor Förster alikuwa amelieleza katika miaka ya 1940, kwamba molekuli inayong'aa ikikaribiana sana na nyingine inayofaa huihamishia nguvu yake na kuzimika. Probu ikawekewa molekuli ya kung'aa upande mmoja na ya kuzima upande wa pili. Ikiwa nzima huwa gizani, na ikikatwa huwaka. Mwanga wa mrija haukuonyesha tena kwamba kuna DNA tu, bali kwamba kuna DNA ileile iliyoulizwa.

Mashine ya kwanza kubwa ya kibiashara iliyojengwa juu ya kanuni hiyo ilitolewa mwaka 1996 na Applied Biosystems, tawi la Perkin-Elmer, kwa jina ABI Prism 7700, na wabunifu wake walikumbana na maswali ambayo mbunifu yeyote wa chombo cha aina hii hukumbana nayo. Mirija ilikuwa 96, na kila mmoja ulitakiwa uangazwe sawa na wenzake, la sivyo tofauti ya taa ingesomeka kama tofauti ya ugonjwa. Jibu lao lilikuwa leza moja tu, ambayo mwanga wake ulielekezwa kwa zamu kwenye nyuzi 96 za kioo, kila uzi ukiishia juu ya mrija wake na kuurudisha mng'ao hadi kwenye kamera moja. Kwa kuwa mwanga ulipita kwenye vifuniko, vifuniko vyenyewe vilitakiwa viwe angavu, na juu yake liliwekwa bamba la moto kuliko sampuli ili mvuke usigande hapo na kuuficha mng'ao. Bamba hilo pia liliondoa haja ya tone la mafuta ambalo mafundi wa zamani walilimimina juu ya kila sampuli kuzuia ukaukaji. Kisha kila mrija uliwekewa rangi ya pili isiyoshiriki mwitikio wowote, ambayo mng'ao wake ulitumika kusahihisha tofauti ndogo za ujazo na za macho ya mashine. Kwa upande wa uhandisi, hapa ndipo kazi ngumu ilipokuwa, na si katika kompyuta iliyochora mistari kwenye skrini.

Njia ya pili ilikuwa ikijengwa wakati huohuo katika Chuo Kikuu cha Utah, na ilianza na shaka juu ya bamba la chuma. Carl Wittwer alihoji kwa nini kila hatua ya mzunguko ipewe dakika nzima wakati kuachana kwa kamba na kushika kwa praima ni mambo ya kufumba na kufumbua, na akajibu kwamba muda huo mrefu ulikuwa gharama ya chuma kizito na mirija minene ya plastiki, wala haukuwa hitaji la DNA. Kuanzia mwaka 1990 yeye na wenzake walichapisha kazi zilizotumia kapilari, mirija ya kioo iliyo myembamba mno, iliyopulizwa hewa ya moto na baridi kwa zamu, na mizunguko 30 ikaisha kwa muda usiofika nusu saa. Mwaka 1997 walieleza chombo kilichoongeza macho kwenye mfumo huo, LightCycler, chenye kapilari 32 zilizopangwa duara na kuzungushwa moja moja mbele ya taa ya bluu na vihisi vya mwanga, ambavyo vilisoma mng'ao kwenye ncha ya kapilari, kwa kuwa kioo chenyewe huusafirisha mwanga hadi hapo. Badala ya ethidiamu walitumia rangi iitwayo SYBR Green I, na wakaifanya kasoro ya kutobagua kuwa faida: baada ya urudufishaji, mashine hupandisha joto polepole na kutazama mng'ao ukizimika, na kwa kuwa kila kipande cha DNA huachana katika joto lake, mahali pa kuzimika hutambulisha kilichorudufika. Kioo kilivunjika kirahisi, na wengi waliowahi kuzijaza kapilari hizo hawakusikitika zilipoachwa, lakini uchambuzi wa kuyeyuka kwa DNA umebaki katika karibu kila mashine iliyofuata.

Hadi hapa kifuniko kilikuwa kimefungwa kuanzia mwanzo wa urudufishaji hadi jibu, ila kabla yake ilibaki kazi ndefu ya mikono ya kupasua seli, kuosha DNA na kuichanganya na vitendanishi. Hatua hiyo ndiyo iliyoshughulikiwa na Cepheid, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1996 huko California, na msukumo wa fedha ulitoka mahali pasipotarajiwa. Baada ya barua zenye vimelea vya kimeta kutumwa nchini Marekani mwaka 2001, shirika la posta la nchi hiyo lilitaka mashine za kukaa kwenye vituo vya kupanga barua na kupima hewa bila mtaalamu, na teknolojia ya GeneXpert ya Cepheid ikawa moyo wa mfumo huo. Ndani ya katriji ya plastiki kuna vyumba vidogo, bomba la kusukuma kimiminika, vali inayozunguka kukipeleka chumba hadi chumba, mahali pa kupasulia vimelea kwa mitetemo ya sauti isiyosikika, vitendanishi vilivyokaushwa, na mwishoni mrija bapa ambamo PCR hufanyika na kusomwa. Kila kinachohitajika kimo humo, na hakuna kinachotoka.

Katriji ya kifua kikuu ilibuniwa kwa ushirikiano na David Alland wa New Jersey na taasisi ya FIND ya Geneva, ikitumia probu za Sanjay Tyagi na Fred Kramer za mwaka 1996, ambazo hujikunja kama kipini cha nywele na kubaki gizani hadi zikutane na mfuatano unaolingana nazo. Probu tano za rangi tano hugawana sehemu ya jeni la rpoB yenye herufi 81, ambamo ndimo hutokea karibu mabadiliko yote yanayompa kimelea usugu dhidi ya rifampisini; probu zote zikiwaka, mgonjwa ana kifua kikuu kinachotibika kwa dawa hiyo, na mojawapo ikikosa kuwaka au ikichelewa, usugu hushukiwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kipimo kimoja kiliwatambua asilimia 98.2 ya wagonjwa ambao vimelea vyao vilionekana kwa hadubini, na asilimia 72.5 ya wale ambao hadubini iliwakosa, na Desemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likakiidhinisha. Mbeya, kupitia kituo chake cha utafiti wa tiba, ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo Afrika kuchapisha tathmini ya kipimo hicho, mwaka 2011. Mji huohuo ulishiriki katika jaribio la nchi nne lililotolewa mwaka 2014, pamoja na Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe, ambapo wauguzi wa zahanati waliopewa mafunzo mafupi waliitumia mashine kwa usahihi. Wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku ileile, ingawa hali yao ya afya miezi iliyofuata haikuwa bora kuliko ya wenzao waliopimwa kwa hadubini, kwa sehemu kwa sababu madaktari walikuwa tayari wakiwatibu wengi kwa dalili tu.

Matokeo hayo yanastahili kuzingatiwa na kila anayedhani kwamba chombo kikiwa kizuri basi kazi imekwisha. Mashine iliyobuniwa kwa vituo vya posta vya Marekani hutaka umeme usiokatika katikati ya kipimo, chumba kisichozidi nyuzijoto 30, katriji zilizohifadhiwa chini ya nyuzijoto 28, na marekebisho ya kila mwaka, masharti ambayo Tanga au Mombasa mwezi Februari huyakejeli. Katriji moja iligharimu dola 16.86 hadi mwaka 2012, ambapo fedha za wafadhili ziliishusha hadi 9.98 kwa nchi zinazostahili, na ilichukua miaka 11 mingine ya shinikizo kuifikisha karibu dola 8. Truenat, mfumo wa India unaotumia betri na ulioidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020, ulibuniwa kwa mazingira yanayofanana zaidi na haya, na inashangaza kwamba mshindani huyo alichelewa kiasi hicho kupata nafasi yake.

Ufungaji kamili una bei nyingine, ambayo magonjwa ya mlipuko ya ukanda huu yaliifichua. Katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa Agosti 2018 na kuisha Juni 2020 baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa, taasisi ya utafiti ya INRB ya Kinshasa ilizisambaza mashine za GeneXpert hadi Beni, Butembo na Goma. Katriji ya Ebola huigeuza kwanza RNA, dutu ya urithi ya virusi hivyo, kuwa DNA kisha kuirudufisha, na ilitoa jibu karibu na wagonjwa katika miji ambayo sampuli zingelazimika kusafirishwa kwa ndege. Septemba 2022 Ebola ilizuka Mubende, Uganda, nchi yenye mashine nyingi za aina hiyo kwa ajili ya kifua kikuu, lakini safari hii ilikuwa ya virusi vya aina ya Sudan, na praima zilizokaushwa ndani ya katriji zilikuwa za aina ya Zaire. Mtaalamu wa maabara hawezi kuifungua katriji na kubadili praima. Hilo ni la mtengenezaji peke yake. Mlipuko ulithibitishwa na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe, kwa mashine za kawaida za PCR ambazo mtumiaji huchagua mwenyewe vitendanishi vya kutia ndani, na maabara ya kuhamishika ikapelekwa Mubende ili sampuli zisiendelee kusafiri. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 11 Januari 2023, visa 142 vilikuwa vimethibitishwa.